Nyumbani Hakuna Ofisi ya Kukusemea

Kazi yangu ni kutathmini madai ya bima. Gari la mtu limegongwa, bomba limepasuka na maji yameharibu sakafu, ghala limeungua na kila kilichokuwemo: nyaraka zake zinanifikia, nazisoma, nauliza maswali, nazilinganisha na mkataba aliotia saini, kisha naamua alipwe kiasi gani au kwa nini asilipwe. Ni kazi ya kusoma kwa makini na kuandika kwa uangalifu. Kwa hiyo idara yetu ilipotangaza kwamba anayetaka kuhamishia kazi yake nyumbani aombe, niliona nafasi hiyo inanifaa kuliko mtu yeyote. Niliomba, nikakubaliwa, na sasa miaka imepita. Naweza kusema kuhama huko kumefanikiwa, ila kwa sababu ambazo hazikunipitia akilini nilipokuwa nafungasha vitu vyangu.

Wengi wanaoniuliza habari za kufanyia kazi nyumbani huanza na meza, kiti na intaneti. Wengine huuliza habari za nidhamu: unaamkaje, unajizuiaje kulala mchana? Hayo yana majibu, na si magumu. Kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba ofisi ilikuwa inanifanyia kazi nyingi ambazo sikuwahi kuziona. Kule kuonekana tu nimeketi mezani kulimwambia kila mtu kwamba niko kazini. Wenzangu walipoanza kufunga mikoba jioni, nilijua siku imekwisha. Mkuu wangu wa kitengo alipopita na kuona faili zilivyorundikana, aliujua mzigo wangu bila kuuliza. Mwajiriwa mpya alijifunza kazi kwa kunisikia nikizungumza na mteja kwenye simu. Hakuna aliyeyapanga hayo. Yalitokea kwa sababu tulikuwa mahali pamoja. Nilipohama yalikoma yote kwa siku moja, na ilinibidi niyarudishe moja baada ya jingine, karibu kila mara kwa kulisema wazi jambo ambalo zamani halikuhitaji kusemwa.

Wazo la kufanyia kazi mbali na ofisi si geni kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1973, Jack Nilles, Mmarekani aliyekuwa mhandisi wa mambo ya anga kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Southern California, alianza pamoja na wenzake kuchunguza kama wafanyakazi wanaweza kutumia mawasiliano ya simu na kompyuta badala ya kusafiri kila siku hadi katikati ya jiji. Kampuni waliyoshirikiana nayo ilikuwa ya bima, na hilo lilinifurahisha sana nilipolisoma. Siku zile hakuna aliyekuwa na kompyuta nyumbani, hivyo wafanyakazi walipangiwa ofisi ndogo karibu na makazi yao. Nilles alikuwa anahangaikia foleni za barabarani, moshi na mafuta yanayoteketea bure. Tangu wakati huo, mtu akizungumzia faida ya kufanyia kazi nyumbani, cha kwanza kutajwa ni safari iliyookolewa. Ni faida kweli. Lakini safari ile nayo ilikuwa na kazi yake, na nitaifikia.

Niseme pia kwamba yaliyotokea mwaka 2020 siyahesabu kama kuhamia kazi ya nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwezi Machi mwaka ule kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, watu wasio na idadi walijikuta wanafanya kazi kwenye meza za kulia chakula, shule zimefungwa, watoto miguuni, hofu kila upande. Ule ulikuwa uhamisho wa dharura. Anayeupima uwezo wake wa kufanyia kazi nyumbani kwa kumbukumbu za kipindi kile anajidhulumu. Mimi nilihama baada ya hapo, kwa hiari, nikiwa na chumba chenye mlango, na tofauti ni kubwa.

Chumba chenye mlango kinastahili kusisitizwa. Upo utafiti unaotajwa kila watu wanapobishana juu ya jambo hili: Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia kwa miezi tisa wafanyakazi wa kituo cha simu cha kampuni ya usafiri ya Ctrip, China, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Waliofanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Takwimu hiyo husambazwa peke yake, bila masharti yaliyoizaa. Walioruhusiwa kushiriki ni wale tu waliojitolea, wenye uzoefu wa miezi sita au zaidi katika kampuni, wenye intaneti ya kasi na chumba cha peke yao cha kufanyia kazi. Ondoa chumba, ondoa uzoefu, ondoa hiari, halafu utegemee asilimia 13? Nimewaona watu wazuri wakilaumiwa kwa uvivu wakati tatizo lao lilikuwa kwamba hawana hata pembe moja ya nyumba ambayo ni yao kwa saa mbili mfululizo. Mwenye hali hiyo ana haki ya kubaki ofisini, na mwajiri anayemlazimisha kuhama anamwonea.

Kwangu chumba hakikuwa suala la utulivu tu. Faili za madai zina ripoti za hospitali, picha za majeruhi, taarifa za benki. Mume wangu nampenda na kumwamini, lakini mteja aliyeandika kuhusu mguu wake uliovunjika hakumpa mume wangu ruhusa ya kusoma. Kwa hiyo skrini yangu imeelekezwa ukutani, si mlangoni. Nikiinuka hata kuchukua maji, naifunga kwa nywila. Sichapishi chochote nyumbani. Simu za wateja nazipokea mlango ukiwa umefungwa na hedifoni masikioni, na majina yao hayatajwi wakati wa kula. Ofisini usiri ulilindwa na kuta, kabati zenye kufuli na mlinzi pale chini. Nyumbani unalindwa na mazoea ya mtu mmoja, kwa hiyo mazoea hayo sharti yawe makali tangu siku ya kwanza.

Jambo la kwanza kulisema kwa sauti lilihusu watu wa nyumbani. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Alikuwa akifungua mlango taratibu, anachungulia na kuniuliza, "Mama, uko kazini au uko nyumbani?" Swali lake lilikuwa sahihi kabisa, maana kwa macho yake hakukuwa na njia ya kujua. Zamani nilivaa viatu, nikatoka, nikawa nimekwenda kazini. Sasa mama yupo, sauti yake inasikika, na bado hapatikani. Kwa mtoto hali hiyo ni ngumu kuliko mama asiyekuwepo kabisa.

Tulikaa kitako sisi sote, mimi, mume wangu, binti yetu na mama mkwe anayeishi nasi, tukakubaliana. Kitambaa chekundu kikifungwa kwenye kitasa cha mlango, niko kazini, na mlango unafunguliwa kwa dharura tu. Halafu tukaieleza dharura ni nini, kwa sababu kwa mtoto wa miaka sita kalamu iliyopotea ni dharura. Mtu ameumia, kuna moto au maji yanamwagika, kuna mtu mlangoni asiyejulikana: hayo matatu. Mengine yanasubiri kitambaa kitolewe. Na mimi nikaahidi upande wangu, ambao nadhani ndio uliofanya mpango ushike: kitambaa kikitolewa, mimi ni wao kweli. Sitembei na simu mkononi nikijibu barua pepe huku nikiitikia "mm, mm." Mtoto akishaona ahadi ya upande wako inatimizwa, ya kwake anaitimiza kwa bidii kuliko watu wazima.

Mama mkwe ndiye aliyehitaji maelezo zaidi. Yeye ni mtu wa kazi za mikono maisha yake yote, na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta machoni pake alikuwa amepumzika. Alikuwa akija na jambo la kunishirikisha, nikimwomba asubiri ananiambia kwa upole, "Lakini mwanangu, si umekaa tu?" Hakuwa na ubaya. Kumwonyesha faili nisingeweza, basi nikamweleza: "Mama, sasa hivi nasoma habari za mtu ambaye duka lake limeungua. Ana wafanyakazi wanaongoja mishahara. Nikimaliza kusoma leo, kesho anaweza kujua hatima yake. Nikikatizwa, naanza upya ukurasa wa kwanza." Alinyamaza kidogo, akauliza kama mtu yule atalipwa. Tangu siku ile yeye ndiye mlinzi wa mlango wangu, na mgeni akija kunitafuta saa za kazi humwambia kuna watu wanamsubiri huyu, ngoja amalize. Alichohitaji kilikuwa kujua kwamba upande wa pili wa ile skrini kuna binadamu.

Kwa wenzangu kazini hali ilikuwa hiyohiyo kwa sura nyingine. Ofisini ukitaka kumuuliza mtu jambo unageuza kiti. Unamwona kama yuko na simu, unaona uso wake kama umejaa mawazo, unajua hata kabla ya kufungua kinywa kama huu ndio wakati. Kwa maandishi dalili zote hizo hazipo. Ujumbe mfupi wa "Una dakika?" ukinikuta katikati ya faili ngumu hunikata mawazo bila kunipa chochote cha kuamua. Sijui ni jambo la dakika moja au la saa nzima, la leo au la wiki ijayo. Nikaanza kuandika ujumbe kwa namna nyingine, na kuwaomba wenzangu nao wafanye hivyo. Mfano: "Nina dai la uharibifu wa maji. Mkataba unafidia bomba lililopasuka ghafla, haufidii uvujaji wa polepole. Fundi ameandika kwamba unyevu ukutani ni wa muda mrefu. Naelekea kukataa, lakini picha ya tatu inanitia shaka. Naomba uitazame kabla ya saa nane mchana." Anayeupokea anajua kila kitu anachohitaji. Anaweza kujibu akiwa ameshika kikombe cha chai, na mimi sihitaji kumwita kwenye mkutano.

Kuandika hivyo kuliniletea faida ambayo sikuitegemea. Mara nyingi nikifika katikati ya kulieleza swali langu vizuri, jibu linajitokeza lenyewe, na ujumbe unabaki bila kutumwa.

Lakini maandishi yana mpaka. Neno "Sawa" lililo peke yake kwenye skrini linaweza kusomwa kama kukubali, kuchoka au kukasirika, kutegemea msomaji ameamkaje. Kanuni yangu ni kwamba jambo likizunguka mara mbili bila kueleweka, au nikihisi joto katika maneno ya mtu, napiga simu papo hapo. Sauti ya mwenzako inamaliza kwa muda mfupi kile ambacho barua pepe zingekikuza siku nzima. Na habari ya kumkosoa mtu siiandiki kamwe. Nasema kwa sauti, kisha tukielewana ndipo naandika tulichokubaliana.

Mikutano ya video nimeipunguza kwa makusudi. Jeremy Bailenson wa Stanford aliandika mwaka 2021 kuhusu uchovu unaoletwa nayo, akataja sababu nne: macho mengi yanakutazama kwa karibu na bila kupumzika, unajitazama mwenyewe muda wote, mwili unabaki umefungwa mbele ya kamera, na akili inajitahidi kutoa na kusoma ishara ambazo ana kwa ana huja zenyewe. Niliposoma nilifanya jambo dogo: nikaificha picha yangu nisiione, wenzangu waendelee kuniona. Uchovu ulipungua wiki ileile. Mazungumzo ya watu wawili sasa nayafanya kwa simu ya kawaida huku nikitembea chumbani.

Niseme haraka habari za vifaa. Fedha zikitosha kitu kimoja tu, nunua kiti kabla ya skrini ya pili. Kompyuta mpakato iinue hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kisha tumia kibodi ya pembeni ili viwiko vikae karibu pembe mraba na mabega yashuke. Nyayo zikanyage sakafu au kitu imara. Dirisha liwe ubavuni, maana likiwa nyuma yako linaakisi kwenye skrini, na likiwa mbele linakuchosha macho. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Ruta, yaani kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, ikiwa mbali na chumba, mawimbi yake ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri kuliko 5 GHz ingawa kasi yake ni ndogo, na waya unaotoka kwenye ruta moja kwa moja hadi kwenye kompyuta unashinda yote mawili. Basi, hayo yakishapangwa yanasahaulika.

Mwisho wa siku ndio ulionisumbua zaidi. Ofisini taa zilizimwa, watu waliondoka, na hata mwenye bidii kupita kiasi alijikuta peke yake na wafanya usafi. Nyumbani hakuna kinachokuondoa. Turudi kwa utafiti wa Ctrip: katika ile asilimia 13, takriban 9 zilitokana na watu kufanya kazi dakika nyingi zaidi katika zamu zao, kwa kuwa mapumziko na siku za ugonjwa vilipungua, na 4 tu zilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa kila dakika. Mwajiri akiisoma hesabu hiyo anafurahi. Mimi niliisoma kama onyo. Dakika zile zinatoka mahali fulani: kwenye chakula cha mchana kilicholiwa mbele ya skrini, kwenye homa ndogo uliyoivumilia kwa sababu kitanda na meza viko chumba cha jirani. Mgonjwa ni mgonjwa hata akiwa nyumbani, na siku ya ugonjwa naiomba kama nilivyokuwa nikiiomba ofisini.

Zipo nchi zilizoliingiza jambo hili kwenye sheria. Ufaransa, kuanzia Januari 2017, inayataka makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kukata mawasiliano nje ya saa za kazi. Ureno ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021, ikamtaka mwajiri asiwasiliane na mfanyakazi wakati wake wa mapumziko isipokuwa kwa jambo lisiloepukika. Naziunga mkono sheria hizo kwa moyo wote. Hata hivyo sheria inamfunga mwajiri, na mara nyingi aliyekuwa ananiweka mezani usiku ni mimi mwenyewe, na lile wazo la "nimalizie hili moja."

Hapo ndipo nilipoanza kuithamini ile safari ya kwenda na kurudi. Watafiti Blake Ashforth, Glen Kreiner na Mel Fugate waliandika mwaka 2000 kuhusu mipaka tunayoivuka kila siku kati ya nafasi zetu za nyumbani na kazini, na jinsi tunavyotumia mazoea madogo kuivuka. Ndani ya basi nilikuwa naacha kuwa mtathmini wa madai kidogo kidogo, kituo baada ya kituo, hadi ninashuka nikiwa mama wa mtu. Sasa mlango wa chumba na mlango wa jikoni vimeachana hatua chache, na akili haivuki haraka kiasi hicho. Basi nikaitengeneza safari. Nusu saa kabla ya kufunga siku siigusi faili mpya. Naandika kwenye daftari yaliyobaki na mahali nilipoishia, kwa sentensi kamili, ili kesho nisianze kwa kujikumbusha. Namwandikia mkuu wangu na kikundi chetu kwamba naondoka. Kompyuta inaingia kwenye droo, kitambaa kinatolewa kwenye kitasa, halafu natoka nje ya nyumba na kutembea. Nikirudi, ninaingia kwa mlango wa mbele kama mtu anayetoka kazini. Siku nisizotembea mume wangu hunitambua. Ananiuliza swali mara mbili kabla sijalisikia.

Ule ujumbe wa kwamba naondoka una uzito wake. Mwanzoni niliona kama ni kujitangaza. Baadaye wenzangu wawili wakaanza kuiga, na mmoja akaniambia kuwa kuniona mimi, niliyemtangulia kazini, nikiaga kwa wakati ndiko kulikompa ruhusa naye afunge. Kumbe ofisini kuaga kulikuwa kunafanya hivyohivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza: kupandishwa cheo. Utafiti wa Ctrip ulikuta kwamba kuacha kazi kulipungua kwa nusu miongoni mwa waliokuwa nyumbani, lakini pia kwamba, ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, walio nyumbani walikuwa na nafasi ndogo ya kupandishwa. Wahenga walikwisha kusema, asiyekuwepo na lake halipo. Niliyaona kwa macho yangu. Dai kubwa la kiwanda lilipoingia, likapewa mtu aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa mkuu wetu wakati lilipofika. Hakukuwa na njama yoyote. Aliyeonekana ndiye aliyekumbukwa.

Nilichofanya ni kumwandikia mkuu wangu taarifa fupi kila Ijumaa. Si orodha ya saa nilizokaa mezani, maana saa hazimwambii kitu. Naandika madai niliyoyaamua na lile lililokuwa na utata ndani yake, lililokwama na kinacholikwamisha, na jambo moja nililoliona ambalo linaweza kuwafaa wengine, kwa mfano aina ya risiti za matengenezo zinazojirudia kwa namna ya kutilia shaka. Halafu, baada ya muda, nikamwambia waziwazi: nataka kushughulikia madai makubwa ya biashara, na nataka kujua ninachopungukiwa. Alishangaa. Alidhani niliomba kuhamia nyumbani kwa kuwa nilitaka maisha mepesi. Hakuna aliyemwambia hivyo. Kutoonekana kwangu ndiko kulikomwambia, na mimi nilikuwa sijasema lolote la kupinga. Dai la biashara lililofuata lilikuja kwangu. Kila ninayemshauri leo namwambia afanye mazungumzo hayo mapema, kabla watu hawajamtungia sababu zake.

Upweke nao upo, na sioni haya kuutaja. Katika utafiti ule ule, majaribio yalipokwisha na watu kupewa uhuru wa kuchagua, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walichagua kurudi ofisini, na upweke ulikuwa sababu kubwa. Mimi nina nyumba yenye watu, na bado nilikosa aina fulani ya kicheko ambacho hutoka kwa mtu anayeijua kazi yako tu. Nina mwenzangu mmoja tunayepigiana simu bila ajenda. Tumeiweka kwenye kalenda, kwa sababu mambo yasiyo kwenye kalenda mtu wa nyumbani huyaahirisha.

Lililonigusa kuliko yote ni la vijana. Watafiti wa Microsoft walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 61,000 wa kampuni hiyo nchini Marekani, wakaona kwamba kufanyia kazi mbali kulifanya watu wazidi kujifungia ndani ya vikundi vyao, na viungo kati ya kikundi na kikundi vikapungua. Kwa mzoefu kama mimi hasara hiyo inavumilika. Mtandao wangu wa watu niliujenga zamani, kwenye korido na kwenye foleni ya chakula. Lakini mwaka mmoja tulimpokea kijana ambaye tangu wiki ya kwanza alifanyia kazi chumbani kwake. Alikuwa na akili nyepesi na aliandika vizuri. Hata hivyo kulikuwa na mambo asiyoyajua na asiyojua kwamba hayajui: namna ya kumuuliza mjane kuhusu moto uliomuulia mume bila kumjeruhi tena, namna ya kusikia mtu anaposita kabla ya kutaja tarehe. Hayo hayamo kwenye mwongozo wowote. Mimi niliyapata kwa kukaa nyuma ya mama mmoja mzoefu nikimsikiliza.

Tukapanga, mimi na yule kijana, alasiri mbili kila wiki tufungue laini ya sauti na kila mtu afanye kazi yake. Muda mwingi tulikuwa kimya. Nikiwa na simu ya mteja, na mteja akikubali, naye alisikiliza, kisha tulizungumza: kwa nini nilinyamaza pale, kwa nini swali lile nililiacha hadi mwisho. Wakati mwingine alinisikia nikijisemea mwenyewe juu ya hesabu isiyokaa sawa, akauliza. Ilisaidia sana. Haikutosha, na nilimwambia mkuu wetu hivyo.

Kwa sababu hiyo nilibadili mpango wangu mwenyewe. Mwaka 2024 Bloom na wenzake walichapisha utafiti mwingine katika kampuni ileile ya China, ambayo sasa inaitwa Trip.com, safari hii kwa wafanyakazi zaidi ya 1,600 ambao baadhi yao walifanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja, na hakukuonekana madhara katika utendaji wala katika kupandishwa vyeo. Mimi niko nyumbani siku tatu na ofisini mbili. Siku za nyumbani nasoma faili nzito, naandika maamuzi, na kupiga simu zinazohitaji faragha. Siku za ofisini sisomi faili kabisa ikiwezekana. Ni upotevu kusafiri ili ukainamie skrini ileile. Nazitumia kwa madai yanayobishaniwa, kwa kukaa na watu wa vitengo vingine, na kwa vijana. Ombi letu la kwamba kila mwajiriwa mpya aanze kwa miezi sita ofisini, na kwamba wazoefu tupangiane zamu ili asikute viti vitupu, limekubaliwa kwa majaribio. Mwajiriwa wa kwanza chini ya mpango huo ameketi nyuma yangu Jumanne na Alhamisi.